Msamaha wa Tume ya Ukweli Afrika Kusini

Wapo wanaosema kwamba kila aliyeungama mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alisamehewa. Hapana ndugu, si kila mmoja: kati ya waombaji zaidi ya 7,000, waliopewa msamaha wa kisheria ni 849 tu. Sheria ya mwaka 1995 ilimtaka mwombaji aeleze yote aliyoyafanya na athibitishe kwamba kitendo kilikuwa na lengo la kisiasa, lakini, jambo linalowashangaza wengi, haikumtaka ajute. Polisi waliohusika na kifo cha Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, walidai kwamba alijigonga ukutani katika purukushani, na mwaka 1999 wakanyimwa msamaha.

Nimekulia Kongwa, Tanzania, palipokuwa na kambi ya wapigania uhuru, na wazee wetu walioishi nao waliifuatilia tume hiyo redioni. Kilichowagusa zaidi ni kwamba hata ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ilihojiwa kuhusu mateso yaliyofanyika katika kambi zake, hususan za Angola, ikaenda mahakamani mwaka 1998 kuzuia ripoti isitolewe, ikashindwa.

Ila walionyimwa msamaha wengi wao hawakushtakiwa, na waathirika waliotambuliwa na tume walilipwa randi 30,000 kila mmoja, kwa mkupuo mmoja.