Nodi ina RAM ndogo? Acha kutunza njia zote

Watu wengi wakitaka kujenga netiweki kubwa ya ad hoc (nodi, yaani vifaa vyenyewe, zinapitishiana pakiti bila kituo cha kati) wanakimbilia kuchagua protokoli, mi nashauri uanze na kalkuleta. Anwani ya IPv6 ni baiti 16, anwani ya jirani utakayempitishia pakiti baiti 16 nyingine, ongeza namba ya mfuatano, gharama ya njia na taima, unafika kama baiti 40 kwa kila njia. Nodi 1000 hiyo ni KB 40 za jedwali peke yake, na TelosB, kifaa kidogo cha sensa, ina RAM ya KB 10 yote kwa yote! Huwa naanza kwa kuwaweka majirani kwenye kijedwali chao, alafu kwenye njia naandika namba ya jirani tu, baiti 1, hapo 15 zimeokoka. Ila nodi zikizidi jedwali la njia litajaa tu.

Sa jiulize nani anaongea na nani. Kama data zote zinaenda kwenye nodi moja kuu, na masensa mengi ndo yako hivyo, nodi ya kawaida inatosha imjue mzazi wake, yaani jirani wa kumpitishia data kuelekea huko, basi. RPL, protokoli ya njia ya netiweki za vifaa vidogo (RFC 6550, 2012), ina modi ambayo mzizi, yaani hiyo nodi kuu, peke yake ndo anatunza njia za kushuka na anaiandika njia nzima ndani ya pakiti. Ubaya wake heda inanenepa, na fremu ya kawaida ya 802.15.4 (kiwango cha redio za masensa) ni baiti 127 tu, alafu nodi mbili zilizotenganishwa na hop (miruko) mbili zikitaka kuongea pakiti inapanda mpaka kwa mzizi ndo ishuke.

Kama yeyote anaongea na yeyote, protokoli ya AODV inatafuta njia pale inapohitajika, we anza na TTL (idadi ya hop ambazo ombi linaruhusiwa kwenda) ndogo usije ukaamsha netiweki nzima kwa ombi moja. Kuna mbinu ya watafiti Thorup na Zwick ya 2001, jedwali linakua karibu na kipeuo cha pili cha idadi ya nodi na njia haizidi mara 3 ya ile fupi kabisa, tamu sana kwenye karatasi, ila nodi zikihamahama mahesabu yanaanza upya.

Kinachosahaulika ni kile kijedwali cha majirani. Sehemu yenye msongamano nodi inasikia majirani 60 na nafasi ziko 16, ukiiambia imtoe wa zamani kila anapoingia mpya itafika siku inamtupa mzazi wake mwenyewe, njia inakatika na we unailaumu redio bure. Mfungie mzazi asitolewe, mgeni aingie tu kama linki yake ni nzuri waziwazi kuliko ya mbovu aliyemo, na testi uzifanyie kwenye kona yenye nodi nyingi, sio mbili tatu juu ya meza.