Mwanangu anaogopa Apul-Apul: hadithi za mazimwi, jiwe la Lwanda Magere na pete ya Nabii Suleiman

SWALI

Assalaam alaykum ustadh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Manyatta hapa Kisumu. Likizo ya Agosti watoto walikuwa Kano kwa dani yao, mama mzaa baba. Yeye si Muislamu lakini anawapenda sana. Kila usiku alikuwa akiwasimulia habari za Apul-Apul, lile zimwi linalokula watu, na za Lwanda Magere mwenye mwili wa jiwe. Tangu warudi, wangu wa pili, mwenye miaka 9, hathubutu kwenda choo usiku. Kaka yake wa miaka 14 anazidi kumtia hofu: anamwonyesha kwenye simu filamu za vampaya na za yule mnyama wa Nandi, kisha anamwapia kuwa yote ni kweli. Shemeji yangu, anayeendesha boda boda, amenunua pete aliyoambiwa ni ya Nabii Suleiman kwa shilingi 3,000. Sasa anataka kumletea mtoto kijipande cha jiwe la Lwanda Magere akivae shingoni, asiogope tena. Je, viumbe hawa wapo? Ni dhambi kuwasimulia watoto? Na hiyo pete na hilo jiwe vina hukumu gani?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara kilichonishtua ni kile kijipande cha jiwe, wala si zimwi. Nitakifikia. Kwanza niseme kuhusu dani, maana naona unamwonea haya na kumwogopea pia.

Mimi nilizaliwa Mumias, na bibi yangu alikuwa fundi wa hadithi za amanani, hayo mazimwi ya Waluhya. Linani lake lilikuwa linameza kijiji kizima, ng'ombe na mbwa wake, mpaka kitoto kimoja kilichobaki kinapata kisu, kinalipasua tumbo, na watu wanatoka wazima mmoja mmoja. Nilikuwa nikilala nimemkumbatia ndugu yangu. Lakini kulipokucha hakuna mtu nyumbani kwetu aliyempelekea linani kuku, wala aliyemwomba mtoto, wala aliyevaa ukucha wake. Lilikuwa limeisha na moto wa jikoni. Hadithi ya namna hiyo, ambayo msimulizi anajua ni hadithi na msikilizaji anajua ni hadithi, haihesabiwi kuwa uongo. Dani wa Kano anafanya alichofanyiwa yeye katika siwindhe, ile nyumba ya bibi ambamo watoto wa Kijaluo walilala wakisikiliza sigana, yaani hadithi.

Kwa hili nina dalili ninayoipenda sana. Amepokea Abu Daud kuwa Mtume (s.a.w.) alirudi safari, upepo ukafunua pazia, akaona wanasesere wa bibi Aisha (r.a.). Katikati yao palikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Akauliza, "Ni nini hiki ninachokiona katikati yao?" Akasema, "Farasi." "Na hivi vilivyo juu yake?" "Mbawa." Mtume akasema, "Farasi mwenye mbawa?" Aisha akamjibu, "Hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa?" Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Fikiri, dada yangu. Huyu ndiye aliyevunja masanamu ya Makka, naye hakukivunja kile kifarasi wala hakumkemea mkewe. Alicheka. Mchezo wa kitoto wenye mnyama asiyepatikana zizini haukumtisha.

Kwa hiyo usiwakate watoto na bibi yao. Asiyekuwa Muislamu akakutendea wema, Qur'ani inatuamuru kumtendea wema na uadilifu (60:8), na huyu ni damu yao.

Anayenipa wasiwasi zaidi ni huyo kijana wa miaka 14. Dani alisimulia, yeye anaapa. Kumwapia mdogo wako kwamba vampaya yuko nje ya mlango ni uongo mtupu, na ni kumtisha Muislamu. Masahaba walikuwa safarini na Mtume, mmoja akasinzia, mwenzake akaenda akachukua kamba aliyokuwa nayo kwa mzaha, yule akaamka kwa fazaa. Mtume akasema, "Si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu." Pia ni katika Abu Daud. Ikiwa kijana wako amekwisha baleghe, kalamu inamwandikia, na inafaa alisikie hilo kwa baba yake, kwa utulivu, simu ikiwa imewekwa kando.

Sasa, viumbe hawa wapo?

Majini wapo. Atakayewakana atakuwa ameikana sura nzima ya Qur'ani. Ni waja kama sisi: waliisikia Qur'ani, baadhi yao wakaamini (72:1-2), na miongoni mwao wamo waovu. Na hapa niseme jambo linaloniuma. Jirani zetu wengi wa huku magharibi wakisikia neno jini, wanaona mwanamke mwenye kwato anayetembea Mombasa, na wanadhani Waislamu tunawafuga majini kama mbuzi. Sisi tunajikinga nao kwa Mwenyezi Mungu asubuhi na jioni. Anayewafuga ametoka katika njia yetu.

Lakini kuwepo kwa majini hakufanyi kila zimwi la hadithi kuwa kweli. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na zimwi lao, wakiliita ghuli. Walisema linakaa jangwani, linajigeuza maumbo, linampoteza msafiri njia kisha linamwangamiza. Mtume akasema, katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba hakuna ghuli. Imamu Nawawi ameeleza kuwa wako wanavyuoni waliofahamu kwamba kiumbe huyo hayupo kabisa, na wako waliosema kinachokanushwa ni ule uwezo wa kujigeuza na kuwapoteza watu njia. Vyovyote iwavyo, Mtume alichukua hofu iliyowatawala watu wazima, wenye ngamia na panga, akaifuta kwa maneno mawili.

Huyo mnyama wa Nandi ni hivyo hivyo. Mwingereza Hollis, aliyeandika habari za Wanandi mwaka 1909, alimtaja Chemosit, zimwi lao, kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Baadaye walowezi wakasikia habari hizo, wakachanganya na walichodhani wamekiona vichakani, mmoja wao akiandika mwaka 1912, na yule ndege wa mguu mmoja akageuka kuwa dubu. Kenya haina dubu wa porini. Haikuletwa ngozi wala mfupa uliothibitisha mnyama huyo, na wengi waliochunguza walimfikiria fisi. Mwonyeshe kijana wako namna umbo lilivyobadilika kwa kupita mdomo hadi mdomo. Vampaya sina haja ya kumrefusha. Bibi zetu nao walikuwa na mumiani wao, mnyonya damu.

Usidhani kwa haya kuwa nalichukulia jambo hili kwa wepesi. Mwezi Mei 2008, kule Kisii, wazee zaidi ya 10, wengi wao akina mama, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Hawakuuawa na zimwi. Waliuawa na majirani waliowaona wao kuwa ndio mazimwi. Kwa hiyo dani akitaka kusimulia Apul-Apul na asimulie, lakini mtoto akianza kukwambia kuwa mama fulani wa mtaa wenu ni jajuok, yaani mchawi wa usiku, kwamba hukimbia uchi gizani, hapo mkatize palepale. Huyo mama ana jina na ana heshima, na dhana hiyo ni dhambi.

Tuje kwenye jiwe.

Hadithi ya Lwanda Magere unaijua kwa mumeo: shujaa wa Kano, mikuki ya maadui kutoka milimani haikumwingia, mpaka wakampa msichana wao awe mkewe. Akagundua kuwa uhai wa mume wake uko katika kivuli chake. Kivuli kikachomwa mkuki, Lwanda akaanguka akawa jiwe. Hadithi nzuri, na kijana anayeisikia hujifunza kuchunga siri. Lakini watu hawakuishia kusikiliza. Walianza kwenda kunoa mikuki na visu juu ya lile jiwe ili wafanikiwe mawindoni. Hapo hadithi imetoka mdomoni imeingia mkononi.

Masahaba waliosilimu karibuni walipopita na Mtume njiani kwenda Hunayn, waliona mushirikina wana mti wanaotundika silaha zao wakitafuta baraka, ukiitwa Dhatu Anwat. Wakaomba nao wawekewe wao. Mtume akasema, "Subhanallah!" akawaambia wamesema kama walivyosema Wana wa Israili kwa Musa: tufanyie mungu kama hawa walivyo na miungu. Ameipokea Tirmidhi. Sikiliza ukali huo: hawakuwa wameabudu kitu, wameomba tu mti. Naye Umar (r.a.) alipolibusu Jiwe Jeusi lenyewe, la Al-Kaaba, alisema kwa sauti watu wasikie: najua wewe ni jiwe, hudhuru wala hunufaishi, na lau nisingemwona Mtume akikubusu nisingekubusu. Hayo yasemwe kwa jiwe la Makka, kisha kijipande cha jiwe la Kano kiwe mlinzi wa mtoto?

Na hata ukiifuata hadithi yenyewe kama ilivyo, mwambie shemeji yako: Lwanda mzima, mwenye mwili wa jiwe, hakujiokoa na mkuki mmoja kwenye kivuli. Kipande chake kitamwokoa nani?

Mtume amesema, "Mwenye kutundika hirizi amefanya shirki," ameipokea Ahmad. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya hirizi yenye Qur'ani tupu, na mimi niko na wanaoizuia. Kuhusu jiwe, ukucha, simbi na gome la mti, sioni pa kuhitilafiana. Usikubali kivalishwe. Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie.

Pete ni jambo la kusikitisha zaidi, kwa sababu imefungwa kwa jina la Nabii. Nimeletewa pete kama hizo. Ya mwisho ilikuwa shaba iliyopakwa rangi, kioo cha kijani juu, na kwa ndani herufi za Kiarabu zilizochongwa ovyo ambazo haziundi neno lolote. Kijana aliyeileta kidole chake kilikuwa kimeota rangi ya kutu. Kuvaa pete si kosa. Mtume alivaa ya fedha, na iliyoharamishwa kwa wanaume ni ya dhahabu. Kosa ni kuamini kuwa ndani yake kuna jini wa kuleta abiria.

Habari za pete iliyokuwa na ufalme wa Suleiman, ikaibwa na shetani akakaa kwenye kiti chake, Ibn Kathir amezihesabu katika visa vilivyotoka kwa Wana wa Israili. Qur'ani haikuitaja pete. Imetaja dua yake: "Nipe ufalme asiupate yeyote baada yangu" (38:35). Baada yake, yeyote! Anayeuza ufalme huo kwa shilingi 3,000 kando ya barabara anauza kitu ambacho Mola amekifunga kwa dua ya Nabii wake.

Tena Qur'ani imetaja kitu kingine cha Suleiman, fimbo, na huo ndio msumari wa mambo haya. Alikufa akiwa ameiegemea. Majini walikuwa mbele yake wakitumika kazi ngumu, wakadhani yu hai, wakaendelea. Hawakujua mpaka mnyama wa ardhini alipoitafuna fimbo, naye akaanguka. Hapo ikadhihirika kuwa lau wangejua ghaibu, wasingekaa katika adhabu ile ya kudhalilisha (34:14). Wafasiri wamesema mnyama huyo ni mchwa. Sisi wa magharibi tunamjua vizuri. Babu yangu alipokufa mkongojo wake ulibaki pembeni ya mlango miaka kadhaa, gamba lake likiwa zima, linang'aa kwa mikono yake. Siku moja niliushika, kidole gumba kikazama ndani kama kwenye mkate. Ndani palikuwa na udongo tu. Mchwa alikuwa amemaliza kazi, nasi tulipita pale kila siku. Majini walikuwa hivyo mbele ya Suleiman. Hawakujua mtu waliyemwona kwa macho kama yu hai au amekufa, sembuse kujua abiria wa kesho wa shemeji yako atasimama wapi.

Naye asimrudie aliyemuuzia wala asimuulize jambo lolote, maana Mtume amesema atakayemwendea mpiga ramli akamuuliza kitu haikubaliwi swala yake siku 40. Ameipokea Muslim. Pete aivunje aitupe. Zile 3,000 azihesabu zimekwenda.

Amebaki mtoto wako, na yeye ndiye anayehitaji jibu leo jioni.

Usimwambie hofu yake ni upuuzi. Mwambie Apul-Apul ni wa hadithi, mashetani wako, na Mwenyezi Mungu ndiye aliye juu yao wote. Akilala, fanya alivyofanya Mtume kila usiku: akikusanya viganja, akisoma Qul Huwallahu Ahad, Falaq na Nas, akipulizia, kisha akijipangusa mwili, mara tatu. Msomee na kinga aliyowasomea Hasan na Husein, ambayo Ibrahim aliwasomea Ismail na Is-haka: "Uiidhukuma bikalimatillahi taammah, min kulli shaytaanin wa haammah, wa min kulli aynin laammah." Kwa mtoto mmoja wa kiume utasema "Uiidhuka". Zote zimo katika Bukhari, ila tamko hili la "Uiidhukuma" ni la Abu Daud na Tirmidhi.

Na kuhusu choo, dada yangu, hapo dini ilikwisha mtangulia mwanao. Dua ya kuingia chooni, "Allahumma inni audhu bika minal khubuthi wal khabaaith," ni kujikinga na mashetani wa kiume na wa kike. Mtume alikuwa akiisema. Mfundishe maana yake kwa Kiswahili ili ajue anachosema. Wiki ya kwanza mshikie tochi, msimame mlangoni aisome kwa sauti, aingie, nawe uendelee kumsemesha kutoka nje. Wiki ya pili simama mlangoni mwa nyumba. Ya tatu mwachie tochi.

Wallahu aalam.