Funika Tundu la Tenki, Waache Wacheke

Kijana wa Nachingwea anayesomea urubani kaniandikia: "Shikamoo kaka. Ni lazima kufunika tundu la hewa la tenki la mafuta kila ndege inapolala nje? Mkufunzi wangu anasema hizo ni mbwembwe."

Marahaba, mdogo wangu. Mkufunzi wako simjui, ila maneno hayo nayajua. Nikiwa fundi Mtwara, rubani mmoja (jina namstiri) aliniita "fundi vitambaa" mbele ya abiria wake wa Kilwa Masoko. Cessna 172 yake, ndege ndogo ya injini moja, ilikuwa imelala nje siku kadhaa, mvua za Desemba zimeanza, matope laini kila kona. Nyigu anayejenga kiota cha udongo atake nini tena? Kifuniko nilichokiweka alikuwa amekichomoa na kukitupa kiti cha nyuma.

Kwenye ndege hiyo bomba la tundu hilo la hewa limejificha chini ya bawa la kushoto, nyuma ya mhimili unaoshikilia bawa, usipoinama hulioni. Nikainama na tochi. Udongo ulikuwa umekandikwa humo kama ukuta wa nyumba, na ndani yake buibui waliopoozwa, chakula cha mtoto wa nyigu. Safari ikasubiri. Rubani hakusema ahsante mpaka leo. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Mafuta yakitoka tenkini, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Ikizibwa, tenki linabaki na mvuto wa ndani na mafuta yanagoma kushuka. Ubaya wake, injini inaweza kuwaka vizuri, ukaruka, ikakukatikia ukiwa juu ya mikorosho. Na usimdharau mdudu: mwaka 1996 Boeing 757 ya Birgenair, shirika la Uturuki, ilianguka karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu 189. Pale lililoziba ni bomba la kupimia mwendo, na wachunguzi waliwashuku zaidi nyigu.

Kwa hiyo funika, ila si kwa karatasi ya gundi. Jua la Kikwetu linatanua mafuta, na tenki lililojaa lazima liteme. Tumia wavu laini unaopitisha hewa, ufungie utepe mwekundu mrefu wa kukukumbusha kuutoa. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, vumbi limejaa hewani, kagua hata kama ndege imelala usiku mmoja tu. Ukikuta pameziba usichokonoe kwa kijiti, utausukuma uchafu ndani. Wala usipulize kwa kompresa, mle kuna vali. Mwite fundi.

Wadogo zangu, wote mnaota mistari minne ya kapteni mabegani na ndege kubwa za Dar. Kupiga goti chini ya bawa, shati jeupe lisichafuke, hapo ndipo mnapoona aibu! Nani kawadanganya kwamba urubani unaanzia hewani? Funika. Kagua. Funika tena.

Na huyo mkufunzi mwonyeshe hii. Ikimuuma, aniandikie mwenyewe.