Maswali Yenu: Menyu Isiyo na Mwaka

Swali: Nina menyu ya zamani ya mgahawa wa New York. Vyakula na bei vipo, mwaka haupo. Nitaujuaje?

Jibu: Acha vyakula kwanza, soma anwani. Mwaka 1943 anwani za miji mikubwa ya Marekani zilianza kuwekwa namba ya kanda ya posta baada ya jina la mji, mfano “New York 17, N.Y.” Mwaka 1963 zikaja namba za tarakimu 5, zinazokaa baada ya jimbo. Hiyo “17” basi haiwezi kutangulia 1943, ila inaweza kuvuka 1963 kidogo ikiwa mwenye mgahawa alimalizia karatasi alizokwisha kuchapa.

Kisha shuka kwenye maandishi madogo ya chini. Ukikuta tamko kwamba bei hazizidi kikomo cha serikali, kinachotokana na bei za tarehe 4 hadi 10 Aprili 1943, hiyo ni menyu ya miaka ya Vita vya Pili vya Dunia au ya mara tu baada yake.

Kukosekana kwa pombe huponza wengi. Ni kweli ilipigwa marufuku kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, lakini mara nyingi mvinyo ulikuwa na kadi yake. Kagua ukingo wa juu: alama ya kutu yenye umbo la klipu inaonyesha kuna kadi ilibanwa hapo ikapotea.

Bei zisikuhukumie peke yake. Zilinganishe na menyu nyingine za mgahawa uleule. Maktaba ya Umma ya New York inazo makumi ya maelfu, msingi wake ukiwa mkusanyo wa Bi. Frank E. Buttolph.

Swali: Imechanika. Niigandishe kwa selotepu?

Jibu: Hapana! Gundi yake hugeuka njano na kuzama kwenye karatasi. Itie kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta, si wa plastiki ya PVC.

Swali: Menyu ya hoteli ya Marekani ya karne ya 19 haina bei hata moja. Kwa nini?

Jibu: Ikiwa juu pana jina la chama au mgeni wa heshima, ni karamu. La sivyo, huenda hoteli ilitoza chumba na milo kwa pamoja, mgeni akachagua atakacho. Ndiyo maana orodha ni ndefu mno. Tazama pia kama selari imepewa mstari wake. Ilikuwa mboga ya fahari kwa kuwa kuilima kulikuwa na kazi nyingi, vikonyo vikifukiwa udongo ili viwe vyeupe, na ilisimamishwa mezani katika bilauri ndefu mithili ya maua.