Injini kupiga raundi nyingi bila kufa: maswali yenu

Nina Vitz yenye injini ya Toyota 1NZ, fundi anasema akichezea kontrol boksi (kompyuta ya injini) akatoa limita inayozuia raundi kupita kiasi, itafika raundi 8,000 kwa dakika. Itakimbia zaidi? (Mbeya)

Hapana kaka. 1NZ-FE inatoa nguvu yake kubwa kwenye raundi 6,000, ikipita hapo pumzi inakata sababu kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na njia za hewa za silinda hedi (kichwa cha injini) ni za gari ya kawaida ya mjini, kwa hiyo hata ukiifikisha 8,000 utapata kelele tu na gari itavuta kidogo kuliko mwanzo. Limita inaguswa mwisho kabisa, vyuma vikishakuwa tayari.

Nini kinavunjika kwanza? (Mwanza)

Hapa someni taratibu maana ndo injini nyingi zinapofia. Watu wanadhani moto wa petroli ndo unaiumiza konrodi (mkono wa chuma unaounganisha pistoni na shafti kuu ya injini, yaani krenkishafti), kumbe moto unaisukuma tu na chuma kinavumilia sana kusukumwa. Balaa ni pale pistoni inapopanda kutoa moshi, huko juu hakuna cha kuizuia, konrodi ndo inaivuta isimame irudi chini, na mzigo wote wa kuvuta unabebwa na bolti mbili ndogo za kifuniko cha konrodi. Kwa raundi 8,000 pistoni inafika juu mara 133 kila sekunde! Alafu mzigo haupandi sawa na raundi, ukitoka 6,000 kwenda 8,000 raundi zimeongezeka theluthi moja ila mzigo umeongezeka karibu asilimia 78. Bolti ikivutika kidogo tu kifuniko kinalegea, beringi (vipande vilivyo kati ya konrodi na krenkishafti) inazunguka na kutoka mahali pake, konrodi inatoboa bloku (mwili wa injini). Kwa hiyo anza na bolti mpya ngumu (ARP, kampuni inayotengeneza bolti, wanazo za injini nyingi), za zamani usirudishie, na fundi apime urefu wa kila bolti kwa maikromita kabla na baada ya kukaza. Pistoni na konrodi nazo zipimwe mzani, zilingane uzito.

Nikifunga springi ngumu za valvu si inatosha?

Zinahitajika ila peke yake hazitoshi. Springi ikishindwa kuirudisha valvu kwa wakati, pistoni inaikuta bado iko wazi na kuipinda, lakini ikiwa ngumu kupita kiasi inakula kamshafti. Na kama unaweka kamshafti kubwa, bandika plastisini ya watoto juu ya pistoni, funga hedi na taimingi (cheni au mkanda unaozungusha kamshafti), zungusha injini kwa mkono mara mbili, fungua, kata ile plastisini upime unene palipokandamizwa. Valvu ya kuingiza hewa isipungue milimita 2, ya moshi 2.5. Fundi akikwambia anakadiria kwa macho, ondoka na gari yako.

Limita ninayo, 7,500, na bado valvu zimepinda. Nilikuwa natoka gia ya tatu kwenda ya nne ikaingia ya pili. (Mombasa)

Pole sana. Limita inakata petroli au cheche, basi, na hapo injini haikujizungusha yenyewe, matairi ndo yaliizungusha kupitia gia. Hakuna limita ya kuzuia hilo. Badilisha mauntini za injini (raba zinazoishikilia) na bushi za gia zilizochoka, ndo zinafanya gia ikose njia yake.

Injini gani inapenda raundi tangu kiwandani?

4A-GE ya Toyota, B16A ya Honda ya 1989, na F20C ya Honda S2000 iliyotoka 1999 na mstari mwekundu (mwisho wa raundi salama) kwenye 9,000. Angalia hii: pistoni ya F20C inasafiri milimita 84, ya 1NZ 84.7, karibu sawa kabisa! Kwa hiyo sio safari ya pistoni, tofauti iko kwenye pistoni za kufuliwa (zilizogandamizwa, sio za kumiminwa), konrodi imara, springi na hedi inayopumua. Ukijumlisha bei ya kuvibadilisha vyote hivyo kwenye Vitz, mimi ningetafuta B16A iliyotumika nikaifunga kwenye Civic, ila kabla ya kulipa fungua sampu (beseni la oili chini ya injini), toa kifuniko kimoja cha konrodi uangalie beringi, ikionyesha rangi ya shaba imeshalika, muachie mwenyewe.