Shelly-Ann: ni mbio au ni nywele?

SWALI: Asalaam aleikum dada mhariri. Binti yangu anakimbia mita 100 na 200 shuleni kwao hapa Bombo, Uganda, na jioni akishika simu ni yule mkimbiaji wa Jamaika, Shelly-Ann Fraser-Pryce tu, mara nywele za njano mara za zambarau. Baba yake anasema yule mama anapendwa mtandaoni sababu ya nywele. Mbona basi hata wanariadha wenzake, hata wale aliowashinda, wanamsifia? – Mama wa Bombo

JIBU: Waleikum salaam mama. Baba watoto mwambie mbio ndo zilitangulia. Olimpiki ya Beijing 2008 alikuwa na miaka 21, nje ya Jamaika wengi hata hawakumjua, akashinda mita 100 kwa sekunde 10.78, na nyuma yake Wajamaika wenzake wawili wakafika sawasawa wakapewa medali ya fedha wote, shaba haikutolewa. London 2012 akachukua tena. Mtoto wa Waterhouse huyo, mtaa wa shida pale Kingston, na kimo chake ni kama sentimita 152 tu, kwa hiyo silaha yake ni kutoka: angalieni video polepole, bunduki ikilia haharakishi kunyanyuka, kichwa kiko chini, hatua fupi fupi za kasi, wenye miguu mirefu wanaanza kumtafuta na yeye keshaondoka. Binti aitazame hiyo hata mara ishirini, sio kupoteza muda.

Ila kilichowagusa wenzake, kwa maoni yangu, ni uzazi. Mkimbiaji wa kike akipata mimba watu wanamhesabu kamaliza, na yeye alijifungua 2017, tena kwa upasuaji. 2019 kule Doha akarudi na dhahabu ya mashindano ya dunia, sekunde 10.71, akazunguka uwanja kambeba mwanae, na kesho yake kwenye uwanja huohuo Halimah Nakaayi wetu akashinda mita 800 akacheza ngoma mbele ya kamera, jamani siku zile zilikuwa tamu! Halafu 2022 kule Marekani, miaka 35, akakimbia 10.67, dhahabu yake ya tano ya dunia ya mita 100. Mwanariadha mwenzake akiona hivyo anajua gharama yake, anajua asubuhi za mazoezi na maumivu, ndo maana anasifia kwa moyo.

Na ile video ya 2023 iliyozunguka sana, mbio za wazazi shuleni kwa mwanae, aliwaacha kina mama wengine mbali vibaya, hakujifanya mdogo ili wafurahi. Mimi hapo ndo nilimpenda zaidi. Pia ana mfuko wake tangu 2013 unaosomesha wanafunzi wanariadha. Amestaafu 2025 kule Tokyo na medali ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti.

Simu msimnyang'anye mama. Muulizeni kocha wake kama shule ina bloku za kuanzia, vile vya kukanyagia miguu wakati wa kutoka, maana mtoto wa mita 100 anayetoka kwa kusimama anajifunza nusu tu, na kwenye simu mumuongezee na Shida Leni wa mita 400, huyo wa hapa hapa Uganda.