Nimonia imempataje baba akiwa kwenye mashine?

SWALI: Dada muuguzi, baba yetu aliumia kichwa, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Mapafu yake yalikuwa mazima. Siku ya tano tukaambiwa ana nimonia. Je, ni sisi tuliomletea? Tuache kwenda kumwona?

JIBU: Pole sana, mdogo wangu. Msiache kwenda.

Mara nyingi nimonia hii huanzia kinywani mwa mgonjwa mwenyewe. Wewe ukipaliwa na mate unakohoa. Baba ana mpira kooni na yuko kwenye dawa za usingizi, kwa hiyo hakohoi sawasawa wala hamezi. Mpira ule una kipulizo kidogo kinachojazwa hewa kuziba njia, lakini hakizibi kabisa. Mate yenye bakteria hutuama juu yake, kisha hupenya pembeni kidogo kidogo hadi mapafuni. Nimonia huhesabiwa kuwa ya mashine ikianza baada ya saa 48 tangu mpira uwekwe.

Mimi nikiingia zamu naanza na kitanda: upande wa kichwani uwe umeinuliwa kati ya digrii 30 na 45, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Wagonjwa huteleza. Ukimkuta baba ameshuka, shingo imejikunja, ita muuguzi. Usimvute mwenyewe, mpira unaweza kuchomoka. Kisha kinywa. Meno ya mgonjwa aliyelala hivyo lazima yapigwe mswaki na mate yanyonywe, kila siku, zaidi ya mara moja. Ukiona midomo imekauka na ulimi una utando mzito, uliza. Una haki ya kuuliza.

Mikono osheni kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, hata kama mlivaa glavu. Nasi wahudumu tukisahau, tukumbusheni. Mpira wa mkojo na mrija wa kwenye mshipa msiviguse, navyo ni milango ya vijidudu.

Kwa daktari nenda na maswali mawili. La kwanza: makohozi yameoteshwa maabara, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inawaua? Bakteria wa wodi za mahututi, kama Pseudomonas na Acinetobacter, mara nyingi ni sugu kwa dawa, na kubahatisha dawa kunapoteza muda. La pili, na hili liulize kila siku: leo dawa za usingizi zinaweza kupunguzwa ionekane kama anapumua mwenyewe? Kwa aliyeumia kichwa jibu linaweza kuwa "bado", kwa sababu ubongo uliovimba unahitaji utulivu. Kesho uliza tena.

Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani, aende mwingine.